Antena Iliyokaa Eda

Gari lilikuwa uani, pua yake ikitazama ukuta wa choo kama mtoto aliyeadhibiwa. Ndivyo Talha alivyoliegesha jioni ile aliyorudi na homa, na tangu hapo hakuna mkono uliolisogeza. Lilikuwa Cresta nyeupe, ya Japani iliyopitia Dubai. Mkwaruzo mmoja juu ya taa ya nyuma alikuwa akiupaka rangi ya kucha ya Bi Tunu mkewe, usionekane na abiria.

Watu wa matanga walikwisha kutawanyika. Masufuria ya kuazima yalirudi kwa wenyewe, majamvi yakakunjwa, na wifi wa mwisho akafunga kibegi chake akarudi Kilwa huku akisema, "Wifi, jikaze, Mungu yupo." Mungu yupo, naam, lakini nyumba ya Mtoni ikabaki na Bi Tunu, kuku wawili na friji inayonguruma ikanyamaza, ikanguruma ikanyamaza. Binti yake wa pekee, Nusaiba, yuko Muscat kwa mumewe. Alikuja akazika, akarudi.

Naye alikuwa amekaa eda. Anayekaa eda haendi kwa watu, watu ndio humjia, na watu nao wana safari zao. Wiki za mwanzo jirani walipita na bakuli za uji na maneno mazuri. Baadaye wakawa wanaita tu kutoka nje ya ua, "Bi Tunu, hujambo huko?" Anajibu hajambo, na miguu inakwenda zake. Wanja hapaki, hina hatii, chetezo cha udi kimefunikwa juu ya kabati. Harufu iliyobaki mle ndani ilikuwa ya sabuni ya kipande na ya mchele.

Kila Ijumaa asubuhi alikuwa na jambo lake moja. Alijitanda kanga zake kuukuu, akatoka uani, akafungua mlango wa kushoto wa gari na kukaa kwenye kiti chake, kile alichokikalia miaka yote. Kwenye kiti cha stelingi hakuwahi kukaa na hakukaa. Aliinama tu, akanyoosha mkono, akauzungusha ufunguo mpaka taa zikawaka. Hapo ndipo kioo kidogo katikati ya dashibodi kilipopata uhai, na mwanamke akasema maneno yake.

Huyo mwanamke alikuja na gari. Siku Talha alipolitoa bandarini na kumpandisha mkewe, alipozungusha ufunguo tu ikatoka sauti laini ya kike, ya lugha ya kwao huko.

"Nani huyo?" Bi Tunu alishtuka.

"Mke mwenzio. Nimemkuta ndani ya gari, sikumuoa mie."

"Anasema nini?"

"Anasema shikamoo, dada."

Bi Tunu alijisawazisha kanga begani. "Mwambie marahaba. Na zamu yake iishie getini, asinivukie kizingiti."

Utani huo uliota mizizi. Talha akichelewa kurudi kutoka Kipawa, kwenye kituo chake cha teksi karibu na uwanja wa ndege, Bi Tunu humpokea mlangoni na neno lake: "Naona mwenzangu kakuweka leo." Naye Talha hujibu, "Ana maneno mengi, lakini hanidai kanga."

Mashine ile ilikuwa ya kumwonyesha dereva njia, ila ramani yake ilikuwa ya Japani tupu. Huku kwetu haikujua pa kushika. Kioo kilionyesha buluu tu, na ndani ya buluu hiyo kimshale chekundu, ndilo gari lenyewe. "Anadhani tunaogelea," Talha alisema. "Sie kwake ni samaki." Lakini kila gari lilikopita, mshale uliacha nyuma yake nukta ndogo nyeupe, moja baada ya moja, kama mtu anayedondosha punje za mchele njiani. Talha alimfundisha kuzisoma. Hii ndiyo barabara ya Pugu. Hapa Tazara, tunakata kona. Huku Kilwa Road, na hapa ndipo kwako, mama.

Kwenye kioo kile ilibaki safari yake ya mwisho. Ilitoka Kipawa, ikashuka, ikakata kona, na karibu na kufika ikatoa kimwiba upande mmoja, ikaenda kidogo na kurudi palepale ilipotokea. Kimwiba hicho Bi Tunu alikijua. Asubuhi ile alimwagiza ndimu, na Talha, na homa yake yote, alichepuka Tandika sokoni akazinunua. Ndimu zenyewe ndizo alizokamuliwa yeye mwenyewe kwenye maji ya moto siku zile tatu za kulala kwake, mpaka ya mwisho.

Basi Bi Tunu hukaa na kukitazama kile kimwiba. Halafu huzima, hufunga mlango polepole, na kurudi ndani kupika.

*

Mzigo wa Muscat ulifika Talha akiwa kaburini. Alikuwa amemwomba Nusaiba amtafutie redio ya setilaiti, hizo mpya zinazoshika matangazo kutoka angani, asikilize Kurani na taarabu na mpira bila mikwaruzo wakati akingoja abiria. Mwenye haja hayupo, haja imefika. Mudathir, mtoto wa mdogo wake Bi Tunu, akaona si vyema kitu cha marehemu kilale ndani ya boksi. Jumamosi asubuhi akaja nayo kutoka Kinondoni, pamoja na fundi Sajid Bandali, aliyekuwa akitengeneza redio za magari na aliyekuwa rafiki wa Talha wa kutaniana.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba, baba."

"Na mie shikamoo, shemeji!" Sajid alipaza sauti kutoka uani, maana Bi Tunu hakumtokea. Alikuwa ndani, nyuma ya dirisha la wavu la jikoni, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Marahaba, Sajid. Mama yako Fatmabai hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Anasema ukitoka tu eda, biriani kwake."

Wakafungua milango yote minne ya gari na kazi ikaanza. Antena ya redio mpya ilikuwa kitu bapa, kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Sajid aliishika kiganjani, akalizunguka gari nayo.

"Pahali pake hasa ni juu ya paa," alisema. "Ina sumaku, inashika yenyewe, inaona mbingu yote. Lakini Temeke hapa? Asubuhi utakuta sumaku tu."

"Hata sumaku hutaikuta," Mudathir alisema. "Weka huku nyuma, kwenye kioo."

"Kioo cha nyuma kina karatasi nyeusi. Mle ndani mna unga wa bati, hapapiti kitu. Ndani ya boneti vilevile haifai, ni bati. Hii haihitaji kukaa karibu na redio, inataka mbingu. Dashibodi, chini ya kioo cha mbele, ndiyo pake. Tatizo pamekaliwa."

Palikuwa pamekaliwa na antena nyingine, nyeusi na ndogo zaidi, iliyogandishwa katikati kabisa. Ile ya mwanamke.

"Hawa wawili usiwabananishe," Sajid aliendelea. "Huyu namhamishia kona ya kulia, mgeni akae kona ya kushoto. Kama wake wenza: kila mmoja na upande wake, kila mmoja na mbingu yake."

Dirishani Bi Tunu alicheka kidogo, cheko lake la kwanza kwa muda, na lenyewe likamshtua.

Mudathir akaingia kwenye stelingi na kuzungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akarudia, likakohoa kwa unyonge zaidi, na kule kwenye kioo buluu ikafifia, ikarudi.

"Betri hiyo inakufa," alisema. "Mamkubwa, gari lisilotembea hufa. Niachie niende nalo kazini, nikuletee kila Ijumaa likiwa zima."

"Halitoki," Bi Tunu alisema.

"Betri ikifa, shemeji, hata hivi vitu vimekwisha," Sajid alisema. "Mashine hii inakumbuka kwa nguvu ya betri. Ikizima kabisa, itaamka haijui kitu."

Kuku walikuwa wakiparura karibu na tairi. Bi Tunu alishika wavu wa dirisha.

"Haijui kitu, maana yake nini? Nukta?"

"Nukta zote, kila kitu."

"Basi lipelekeni. Litembee lipone."

Sajid alikuna kidevu. Alikuwa amezoea kuambiwa na Talha, mke wangu anamwonea wivu Mjapani, na sasa alianza kuelewa kwamba kulikuwa na jambo jingine pale. "Likitembea nako, shemeji, kila nukta mpya ikiingia, ya zamani kabisa inatoka. Kumbukumbu yake ndogo, ni kama pakacha: unajaza juu, linavuja chini. Mudathir akienda nalo kazini siku mbili tatu, hizi zote zitakuwa zimekwenda."

"Kwa hiyo likikaa zinafutika, likitembea zinafutika."

"Ndiyo hivyo."

"Basi ukate huo waya wa antena!"

"Naogopa. Ya aina hii sijawahi kuifungua. Nikiinyang'anya antena yake inaweza kujirudisha kama ilivyotoka kiwandani."

Mudathir alitazama viatu vyake. Angependa kusema neno la kumfariji, lakini neno lenyewe hakuwa nalo. Alikuwa kijana wa kuleta unga na sukari, hayo mengine yalimshinda.

"Sajid."

"Naam, shemeji."

"Usiikate. Ila ukaiweka mahali isione mbingu. Itakuwaje?"

"Isipoona mbingu haijui kama gari limeondoka. Gari liende Wazo, liende Bagamoyo, yeye atadhani yupo palepale uani. Hataandika kitu."

"Mudathir," Bi Tunu aliita, na sauti yake ilikuwa imesimama wima. "Mie nimekaa eda. Huyu mwenzangu mbona hajakaa?"

Mudathir aligeuka kumtazama Sajid.

"Mume si alikuwa wetu sote? Mie nimefungiwa humu na wanja sipaki, yeye kakaa dirishani anatazama njia. Mjane gani huyo? Mtoeni hapo."

Sajid aliegemea mlango wa gari akacheka mpaka akajifuta macho, na pengine si kicheko tu kilichomtoa machozi. "Na wewe, shemeji? Si upo dirishani?"

"Mie nipo nyuma ya wavu, usinichafulie jina."

Ikawa hivyo. Bi Tunu alipitisha mlangoni kipande cha bafta nyeupe, kilichobaki kwenye ile ya msiba, na Mudathir akakipokea kwa mikono miwili. Waya wa antena ulikuwa mrefu, tangu asili ulikuwa unapita chini ya zulia mpaka kwenye buti ilikokaa mashine yenyewe. Sajid aliuvuta kurudi nyuma taratibu, bila kuubana mlangoni, akaifunga ile antena ndani ya bafta na kuilaza chini ya tairi la spea, bati juu, bati chini.

"Hapo hata mbingu ishuke, hataiona," alisema. "Mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka eda iishe. Tutatoka pamoja."

"Si zaidi?"

"Eda haiongezwi, Sajid. Ingekuwa yangu ningeongeza."

*

Gari likaenda Kinondoni. Uani pakabaki mistatili minne ya majani yaliyonyauka pale matairi yalipokuwa, na kuku wakapageuza pa kuogea vumbi.

Ijumaa baada ya sala Mudathir hulileta. "Leo nimelipeleka mpaka Wazo, mamkubwa, kufuata saruji. Tazama lilivyopauka." Vumbi jeupe limejaa kwenye vioo. Bi Tunu hungoja aingie ndani kula, ndipo akae kwenye kiti chake cha kushoto na kuinama kwenye ufunguo. Mshale ulikuwa palepale. Kwa mashine, gari halijaondoka Mtoni. Limeegeshwa na Talha, pua kwenye ukuta wa choo, na kimwiba cha ndimu kipo nyuma yake kidogo.

Mwanamke naye alikuwa amebadili maneno. Ile salamu ya mwanzo hakuitoa tena. Alisema sentensi fupi, akangoja, akairudia.

"Anasema nini siku hizi?" Mudathir aliuliza akiwa mlangoni, tonge mkononi.

"Analalamika haoni."

"Utamjibu nini?"

"Nimemwambia hata mie sioni. Avumilie."

Redio mpya ilisikika vizuri mno. Msomaji wa Kurani alikuwa kama yuko kiti cha nyuma, hata pumzi zake unazihesabu. Bi Tunu aliisikiliza, akamshukuru Nusaiba moyoni, lakini kuna kitu kilimkosesha raha na hakukijua mpaka wiki nyingine. Redio ya zamani ilikuwa inakwaruza, na ikikwaruza Talha huigonga dashibodi kwa kifundo cha kidole cha kati, mara mbili, ikatii. Hii haikwaruzi. Hakuna pa kugonga.

Siku za katikati zilikuwa ndefu zaidi. Akichambua mchele kwenye ungo, mara nyingine ilimjia kwamba huko mjini, sijui Magomeni sijui Mwenge, gari linakimbia kwenye msongamano na ndani ya buti mna mmoja aliyefungwa bafta, anayeamini yuko Mtoni. Basi wako wawili nyumbani. Akimaliza kuwaza hivyo, alikuta mchele umeshachambuliwa na hana wa kumpikia nusu yake.

*

Eda hukaa kama haiishi, halafu huisha. Wanawake wa mtaani walimwogesha alfajiri, wakamvika kanga mpya, wakamfukiza udi mpaka akapiga chafya. Walikula, wakacheka, wakamwambia amerudi ujanani. Kabla ya adhuhuri wakawa wamekwenda, kila mmoja na kisingizio cha jiko lake.

Mudathir alikuwa amelileta gari tangu asubuhi. Bi Tunu alitoka uani na kusimama nyuma ya buti. Funguo ziko mkononi, hafungui.

"Mamkubwa," Mudathir alisema taratibu. "Si lazima. Akae tu hukohuko. Nani atajua?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza yeye mwenyewe tangu juzi. Antena ikae chini ya spea mwaka, miaka. Mudathir aendeshe, betri iwe na nguvu, na kila Ijumaa kimwiba kiwe pale. Hakuna wa kumuuliza. Sajid asingethubutu.

Upepo ulizipeperusha kanga mpya, zikanukia udi, na harufu ile ndiyo iliyomwamulia. Yeye ameogeshwa. Yeye ananukia. Atamwachaje mwenzake ndani?

"Eda haiongezwi, baba," alisema. "Nilisema mwenyewe, watu wakasikia."

Aliitoa kwa mkono wake. Akaifungua bafta, akaipangusa antena kwa ncha ya kanga, mbele na nyuma, kama anavyopanguswa mtoto uso. Wakaurudisha waya chini ya zulia, na Mudathir akaibandika kona ya kulia ya dashibodi, pale Sajid alipopaacha wazi. Wakangoja. Mshale ukatetemeka, ukageuka huku na huku kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha mwanamke akasema ile sentensi yake ya zamani, ndefu, laini.

"Marahaba," Bi Tunu alisema. "Twende Kipawa, Mudathir. Njia ya marehemu, siyo yako."

Wakati wa kwenda, Bi Tunu hakutazama nje sana, ingawa ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona barabara kwa muda mrefu. Alitazama kioo. Nukta mpya zilimiminika nyuma ya mshale, na kila zilipoingia, safari za Talha za kale zilizima kimya kimya. Kipawa, wale madereva wenzake Talha waliinuka kwenye viti vyao, wakamwamkia, wakampa pole. Mmoja akaligusa paa la gari kwa kiganja. Hawakukaa. Waliporudi, mwanzo wa safari ile ya mwisho ulikuwa umekwisha kuondoka. Walikuwa wakiifuata nyuma kwa nyuma, nayo ikitoweka mbele yao.

Kimwiba kilikuwa bado kipo.

"Hapa chepuka," alisema. "Tandika."

Alishuka mwenyewe. Alizichagua ndimu moja moja, akiminya, akinusa, akirudisha zenye ngozi ngumu, mpaka muuzaji akamwambia, "Bibi, hizi si za kuolewa, ni za kula." Bi Tunu akacheka. Aliporudi garini kulikuwa na vimwiba viwili kwenye kioo, cha zamani na kipya, karibu karibu lakini si pamoja. Siku hizi wenye ndimu wamesogezwa upande wa pili wa soko. Mudathir aliondoa gari polepole sana, bila kuambiwa. Hata hivyo kabla ya Kilwa Road nukta za kile cha kwanza zilianza kuzima, ya ndani, ya katikati, ya mlangoni. Kikabaki kimoja.

Nyumbani Bi Tunu alimwambia aliegeshe vyovyote apendavyo. Mudathir akaligeuza, pua ikatazama njia. Akamuaga, akasema atarudi Ijumaa, akapita getini kwa miguu.

Bi Tunu alikaanga samaki, changu mmoja. Alikata ndimu moja juu ya kibao, na ilikuwa na maji tele, yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Talha alizoea kumpokonya nusu moja na kukamulia upande wake wa sahani, akidai mkono wa Bi Tunu ni bahili.

Alikamua nusu. Ikatosha.